Unga Usioonjwa

Asubuhi hiyo, au tuseme saa ile ambayo Baraza lilikuwa limetangaza kuwa ni asubuhi, Sikudhani alichota unga kwa ncha ya kidole kutoka kopo la magadi, akautia baina ya meno yake ya mbele, akauma. Unga ukalia.

Haukupaswa kulia. Magadi hayana kelele. Ukiyauma yanakubali, yanaacha chumvichumvi na ladha ya sabuni, kisha yanakwenda zake na mate. Chokaa husagika kidogo, kama mchanga uliobaki kwenye mchicha ambao mpishi aliuosha akiwa na haraka, na baada ya hapo hunyamaza. Unga unaolia hadi ndani ya sikio ni mmoja tu, nao ni ule wa msasa, chembe zilezile zinazogandishwa kwenye karatasi ili fundi alainishe chuma. Kopo lake hukaa rafu ya juu kabisa, maana katika nyumba ile hauna kazi ila mara mojamoja, jiwe linapokuja na chuma ndani yake. Kwa macho, aina zote tatu ni nyeupe. Kwa vidole mtu anaweza kudanganyika, hasa mtu ambaye vidole vyake vimekwisha alama kwa kazi. Ndiyo maana watakasaji wote, tangu wa mwanzo, huonja kabla ya kupuliza.

Alitema kwenye kitambaa, akalifunika kopo, akalirudisha palepale lilipokuwa, akajifuta mdomo. Hakumwambia mtu.

Nyumba yenyewe iliitwa Nyumba ya Kutakasia. Ilikuwa mwisho wa mji ambao jina lake lilifutwa kwenye vibao vyote, kwa sababu Baraza lilisema mji ulio mmoja tu hauhitaji jina. Ndani mlikuwa na masanduku ya kioo yenye matundu mawili ya kuingizia mikono, na lenzi, na kalamu za upepo, yaani vijineli vya chuma vinavyopuliza unga juu ya jiwe hadi jiwe litoke na mfupa ubaki. Kompresa ilihema nyuma ya ukuta mchana kutwa. Saa ya ukutani ilifunikwa na vumbi zamani, na siku alipotokea mtu wa kuifuta, ilionekana kwamba mishale yake ilikwisha kutolewa. Tangu hapo nyakati zilitangazwa. Kulikuwa na juma moja ambalo jana ilitangazwa mara mbili, watu wakalazimika kurudi kazini kuifanya upya, na wako walioifanya vibaya zaidi mara ya pili.

Sheria ya kuchagua unga husemwa kwa pumzi moja: uwe mgumu kuliko jiwe, laini kuliko mfupa. Shida huanza ukiuliza lipi ni jiwe na upi ni mfupa. Mfupa uliolala ardhini miaka isiyohesabika hauna tena mfupa ndani yake. Maji yaliingia, yakatoa chembe ya mfupa yakaweka chembe ya jiwe, yakatoa nyingine yakaweka nyingine, kwa upole, bila kuharibu umbo, hadi aliyekuwa mtu akawa jiwe tupu lenye sura ya mtu. Je, bado ni yeye? Na kama ni yeye, ni kwa sababu ipi, ikiwa hakuna kilichobaki ila mpangilio? Sikudhani alikuwa amekaa na swali hilo miaka kumi na miwili, au ishirini na mmoja, inategemea ni nani aliyetangaza. Wakati mwingine alilishuku hata Baraza kwamba limekuwa vivyo hivyo, limetolewa chembe baada ya chembe mpaka vimebaki viti. Wakati mwingine alijishuku mwenyewe. Akiinama kwenye lenzi na mwanga ukaja vibaya, jicho lililomtazama kutoka kwenye kioo lilikuwa la mama yake.

Katika sanduku lake mlikuwa na taya la chini la Mtu wa Kwanza.

Kila mtu katika mji ule alikijua kisa, maana kilifundishwa kabla ya hesabu. Mtu wa Kwanza, akiwa mzee na akiwa na amani, aliwaita mababu wa wajumbe wa Baraza, akafungua kinywa, akatamka neno moja: Tawaleni. Kisha akafa. Juu ya neno hilo kulijengwa kuta, mizani, sare za askari na ratiba ya mvua. Kila mwaka watu walikusanyika Uwanja wa Neno wakalirudia kwa sauti moja, halafu wakanyamaza kwa heshima. Na ni katika kimya hicho, mwaka mmoja ambao hesabu yake imefutwa, ambapo Bi Nyamvula, mama yake Sikudhani, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nani alimsikia?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mwanamke wa kuuliza tu, hata sokoni alitaka kujua nazi imeanguliwa au imeanguka yenyewe. Walimchukua siku ileile wakamweka Upande wa Pili, nyuma ya ukuta mrefu, na hukumu yake ilikuwa fupi: atakaa huko hadi upatikane ushahidi kwamba swali lake lina maana.

Sasa ushahidi ulikuwa umepatikana. Siku chache kabla ya unga kulia, Sikudhani alikuwa akitoa jiwe upande wa ndani wa taya, pale mzizi wa ulimi unaposhika, akaona mistari mitatu. Alizijua alama za meno ya fisi, huwa pana. Alizijua njia za mizizi, huwa zinapindapinda. Mistari ile ilikuwa imenyooka, myembamba, yenye kina kikali chini, na imepangana. Ilikuwa kazi ya kisu cha jiwe mkononi mwa mtu. Mtu wa Kwanza alikatwa ulimi.

Basi alitamka kwa kitu gani?

Akaiacha mistari chini ya utando wa mwisho wa jiwe, mwembamba kama ganda la kitunguu, ambao ni lenzi tu inayoona ndani yake, asije mkaguzi akaiona kabla ya wakati wake. Na akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia asubuhi zote zilizotangazwa. Alimwita Ngwali.

Ngwali alikuwa mchekechaji wa nyumba. Alianika unga kwenye sinia, akaukausha, akauchekecha, akaujaza makoponi. Ufunguo wa chumba cha unga ulikuwa shingoni mwake. Yeye na Sikudhani walikuwa wamekula muhogo mmoja wa kuchoma, nusu kwa nusu, kila mchana wa miaka yote ile ambayo ilikuwa kumi na miwili au ishirini na mmoja.

"Kaka Ngwali, hebu njoo uone."

Aliinama kwenye lenzi, akakaa hapo muda mrefu. "Dada Siku," alisema bila kuinua kichwa, "usimwambie mtu."

"Nimekwambia wewe tu."

"Basi hata mimi hujaniambia."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho yenye joto. Siku ya tatu baadaye, unga wa msasa ulilia katika kopo lililoandikwa magadi.

Nani ana ufunguo? Ngwali. Nani anajua mistari ipo? Ngwali. Unga wa msasa ungeifanya nini mistari ile? Ungeilamba. Pumzi mbili, tatu, na mfupa ungekuwa laini kama bakuli, na mtakasaji angeonekana kazembea, na kosa lingekuwa na jina lake. Nani angefaidika? Watu hununuliwa kwa vitu vidogo. Kwa dirisha linalotazama bustani. Kwa siku ya mapumziko inayotangazwa kwa ajili yako peke yako. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Sikudhani akaanza kukagua nguo.

Tangu asubuhi ile Ngwali hakuwa Ngwali. Alivaa barakoa hata pasipo na vumbi. Mchana alisema hana njaa, na muhogo wake ukabaki ukipoa kwenye karatasi. Alipoulizwa jambo alijibu kwa kunguruma, kiganja kikiwa juu ya barakoa, kana kwamba maneno yangeweza kumtoroka. Mtu anayeficha mdomo, Sikudhani alijiambia, anaficha alichokisema. Akatazama jinsi anavyotembea. Akatazama viatu vyake. Mtu ukishaanza kumshuku, hata namna anavyopiga chafya huwa na maana mbili. Jina lake ni Sikudhani, na katika nyumba ile hakuna aliyedhani kumshinda.

Asubuhi zilizofuata alionja, na magadi yalikuwa magadi. Hilo lilimtia hofu zaidi. Ameshtuka, alijisemea, amejua kwamba nimejua, sasa anasubiri siku yake. Akachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kanga yake, akaulaza chini ya kifuniko cha kopo. Kulipokucha uzi ulikuwa sakafuni. Akaweka mwingine. Nao pia.

Msimamizi wa Baraza aliitwa Bwana Shemsi. Alikuwa mtu wa adabu nyingi, na nywele zake zilipakwa mafuta. Hakupiga kelele, hakutishia, na kila aliyezungumza naye aliondoka akijihisi ameulizwa hali ya wagonjwa wake. Alivuta kigoda akaketi pembeni ya sanduku la kioo.

"Bibie, kazi inaendaje?"

"Inaendelea, bwana."

"Siku ya Kuonyeshwa kwa taya imesogezwa. Tumeamua iwe kesho."

"Kesho ipi?"

Alicheka kidogo. "Ya kweli. Watakuja wageni saba wa Baraza, na waandishi. Umalizie sehemu ya mwisho mbele yao. Wanapenda kuona mkono wa fundi." Akafuta vumbi lisilokuwepo gotini. "Na mwenzako huyu wa unga. Mnaelewana?"

"Tunaelewana."

"Vizuri. Nauliza tu. Maana juzi nilimuuliza yeye swali hilihili, akakawia kunijibu."

Akainuka, akaaga kwa kuinamisha kichwa. Hakusema neno baya hata moja juu ya Ngwali. Sikudhani alibaki na mikono ndani ya sanduku, ameshika taya, na ndani yake kitu kilikuwa kinapulizwa polepole, chembe baada ya chembe, na hakuweza kujua kama kinachotoka ni jiwe au ni mfupa.

(Kesho nitawaonyesha. Nitapuliza utando ule kwa magadi, mbele ya wageni saba na waandishi wao, na mistari itatoka, na wataiona kwa macho yao kabla ya yeyote kuwaambia wasiione. Mama atatoka. Mama, unanisikia? Nani alimsikia? Hakuna, mama. Hakuna aliyemsikia. Nitakutandikia kitanda changu mimi nilale chini. Lakini unga. Unga, unga. Yeye ndiye ajazaye makopo.)

Kesho ilipotangazwa, alifika kabla ya wote. Alidhani ni kabla ya wote. Mlango wa chumba cha unga ulikuwa haukufungwa sawasawa, na kwenye ufa aliona mgongo wa Ngwali. Alikuwa amepanda kigoda. Alimimina unga kutoka kopo la magadi kwenda kopo la juu, lile la msasa, bila kumwaga hata chembe, kisha akashuka, akachota unga kwenye sinia lake, akajaza kopo la magadi. Alipomaliza alisimama ameshika rafu, kichwa kimeinama, mabega yakipanda na kushuka.

Sikudhani alirudi nyuma kwa ncha za vidole. Basi. Haya ndiyo aliyotaka kuyaona, na alipoyaona yalimuuma mahali ambapo hakujua kwamba bado pana nyama. Alilia kidogo kwenye korido, akajizuia. Kisha akili yake ikafanya hesabu, na hesabu ilikuwa nzuri, imenyooka kama ile mistari. Kaondoa magadi, kayapandisha juu. Kachukua msasa kwenye sinia, kautia katika kopo la magadi. Kwa hiyo leo makopo yamegeuzwa: msasa uko chini, magadi yako juu. Atakayetaka magadi achukue kopo la juu. Kilichobaki ni kuonja, kwa kuhakikisha tu.

Wageni waliingia kabla hajafika mezani.

Na hapa yafaa mwenye kusoma ajue adabu ya nyumba ile, maana ndiyo iliyomponza. Watakasaji hawaonji mbele ya mgeni. Kuonja mbele ya mgeni ni kumtangazia kwamba nyumbani kuna mwizi. Ni aibu ya zamani, iliyopita kutoka kwa fundi hadi kwa fundi, na hakuna aliyeivunja hata akiwa amelewa. Wengine wangesema, aibu gani hiyo mbele ya jambo kubwa namna ile? Ni kweli. Lakini mtu halali na jambo kubwa, hulala na adabu alizofunzwa. Sikudhani alisimama mbele ya wageni saba waliovaa meupe, na ulimi wake ukajikunja nyuma ya meno.

"Tuko tayari, bibie," alisema Bwana Shemsi. "Kopo lipi tukusogezee?"

Ngwali alikuwa mlangoni pa chumba cha unga, hatua chache kutoka mezani, na barakoa yake usoni. Macho yao yalikutana. Alitikisa kichwa, kidogo tu, kuelekea kopo la magadi. Lile pale, lilikuwa limesema lile tikiso, lile pale la chini.

Unaona? alijiambia Sikudhani. Unaona anavyonisukuma?

"La juu," alisema.

Ngwali alipiga hatua moja mbele. "Dada Siku—"

"Nimesema la juu."

Bwana Shemsi mwenyewe ndiye aliyepanda kigoda cha Ngwali, akalishusha, akaufunua mdomo wa mashine, akamimina. Hakuuliza kwa nini mtakasaji anataka kopo lililoandikwa msasa. Alikuwa mtu wa adabu. Sikudhani akaingiza mikono sandukuni, akashusha jicho kwenye lenzi, akakanyaga kikanyagio.

Pumzi ya kwanza, utando ukatoka. Mistari mitatu ikaonekana, wazi, mikali, kama iliyochorwa asubuhi hiyo. Alitaka kupiga ukelele wa furaha. Ndipo sauti ikamfikia, ile sauti, ile aliyoiuma siku ya kwanza, safari hii ikitoka ndani ya kioo. Mguu wake ulikuwa umekwisha kukanyaga mara ya pili. Mara ya tatu ilikuwa mshtuko tu. Alipoondoa mguu, upande wa ndani wa taya uling'aa, laini, mzuri, hauna habari yoyote.

Mmoja wa wageni alipiga makofi. Wengine wakafuata.

Bwana Shemsi hakuwa ametazama taya hata kidogo. Alikuwa akimtazama yeye. "Ahsante," alisema kwa upole. "Waandishi, andikeni kwamba fundi alichagua kopo mwenyewe, mbele ya wageni saba, na akalitaja mara mbili." Kisha akawakaribisha wageni barazani, chai ilikuwa tayari.

Walibaki wawili. Kompresa ilihema nyuma ya ukuta.

"Umefurahi?" Sikudhani alisema. Sauti haikuwa yake. "Wamekupa nini, Ngwali? Niambie, maana nataka kujua bei ya mama yangu."

Ngwali alipeleka mikono nyuma ya kichwa, akafungua barakoa, akafunua mdomo.

Meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha. Hayakung'oka, yalikuwa yamesagika, juu na chini, bapa, yamekaribia ufizi, na ufizi wenyewe ulikuwa mwekundu. Sikudhani alikuwa fundi wa mataya. Hakuhitaji kuelezwa taya linasema nini.

"Kila asubuhi," Ngwali alisema, na maneno yalitoka yakipuliza hewa, "nakuta msasa kwenye kopo la magadi. Naonja kopo lote, juu, katikati, chini, maana huyu mtu anachanganya kwa tabaka. Halafu naupandisha kwenye kopo lake. Kuutoa nje siwezi, si unajua kuna mzani mlangoni, hata kijiko wanakipima. Nakujazia magadi yangu niliyoyachekecha mwenyewe. Siku moja tu niliumwa homa nikachelewa."

"Siku ile ulilia," alisema Sikudhani.

"Nani?"

"Unga." Akaegemea meza. "Kwa nini hukuniambia, kaka yangu? Neno moja tu!"

Ngwali alitazama sakafu. Uzi mwekundu ulikuwa umenasa kwenye soli ya kiatu chake. "Nilidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Shemsi alikuja akaniuliza kama tunaelewana. Akasema alikuuliza wewe, ukakawia kujibu. Nikafikiri, ana mama yake kule, labda wamemwahidi, wamempa na ufunguo. Nikasema nitalinda tu huo mfupa, wewe utajuana na Mungu wako."

Walitazamana. Kama kungekuwa na mtu wa tatu angecheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha: watu wawili wazima, kila mmoja amemlinda Mtu wa Kwanza dhidi ya mwenziwe, hadi Mtu wa Kwanza akafutika baina yao. Baraza, lenye ufunguo wa pili na wakaguzi wa usiku, halikuhitaji kugusa mfupa. Lilikuwa limetafuta unga mgumu kuliko muhogo wa miaka kumi na miwili, likaupata, na haukuhifadhiwa katika kopo lolote. Sikudhani aliketi sakafuni akalia kwa sauti, kama anavyolia mtu aliyefiwa, na Ngwali akaketi kando yake, akampa pindo la shati lake afutie uso.

"Nimemuua mama yangu," alisema.

"Hujamuua. Nyamaza kidogo, wanarudi." Akamshika bega. "Hujachagua shahidi."

Alikuwa amesahau. Kila mfupa uliotoka katika nyumba ile huachiwa kipande kidogo cha jiwe lake la asili, cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kisichotakaswa. Kipande hicho huitwa shahidi, na kazi yake ni kuthibitisha kwamba mfupa ulitoka kweli katika jiwe lile na haukuchongwa na mtu. Mahali pake huchaguliwa na mtakasaji peke yake. Kikishatajwa na kuandikwa, hakuna wa kukigusa, si fundi, si msimamizi, wala si Baraza lenyewe. Sheria hiyo Baraza ndilo lililoitunga, zamani, lilipoogopa kwamba watu watasema taya ni la kuchongwa.

Sikudhani akainuka, akarudisha jicho kwenye lenzi. Upande wa ndani ulikuwa mweupe wote isipokuwa mahali pamoja, mbele, karibu na kidevu, chini kidogo ya pale mistari ilipokuwa. Palikuwa na kipande cha jiwe la kahawia ambacho hakikuwa kimefikiwa na pumzi yoyote. Kilikuwa na ukubwa wa ukucha.

Wageni waliingia wakinukia iliki. "Shahidi," alisema Bwana Shemsi, kalamu mkononi, kwa sauti ya mtu anayemalizia jambo dogo. "Wapi, bibie? Kwa kawaida huwekwa nyuma, pasipoonekana."

"Hapa." Akaweka kidole.

Bwana Shemsi aliinama. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kufahamiana, alitazama mfupa. Alitazama kipande kile, akatazama umbali wake kutoka pale palipokuwa na mistari, na mkono wake wa kalamu ukasimama hewani.

"Chini yake kuna nini?"

"Sijui, bwana."

"Hukuchungulia?"

"Sikuchungulia. Na sasa nimekwisha kupataja."

Mgeni mmoja, mzee mwenye miwani, alikuwa amekwisha kuandika. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama sheria inavyotaka: shahidi, upande wa ndani, mbele, hagusiki. Wengine sita wakaitikia. Bwana Shemsi aliguna, akaandika, na mafuta ya nywele zake yakaanza kumtiririka kwenye paji la uso.

Walipoondoka, Ngwali alisogea akanong'ona. "Dada Siku, kuna mstari pale?"

"Sijui."

"Kweli hujui?"

"Wallahi sijui. Lakini hata wao hawajui."

Ngwali alitabasamu kwa ufizi wake mwekundu. Akaenda kuwasha jiko dogo chumba cha unga, akarudi na muhogo. Alimpa nusu, na ile nusu yake akaiponda kwa kijiko kwanza.

Taya liliwekwa Uwanja wa Neno, ndani ya kioo, juu ya kitambaa cheusi. Lilikuwa jeupe na zuri, na lilikuwa na kipande kimoja cha uchafu ambacho jicho haliwezi kukiruka. Watu walipanga foleni tangu ile siku ilipotangazwa hadi ilipotanguliwa. Sikudhani alisimama kati yao, kanga yake imefumuka pindo. Bado Upande wa Pili ulikuwa na ukuta wake mrefu, na bado mama yake alikuwa nyuma ya ukuta huo.

Mbele yake mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisogea hadi kwenye kioo, akakaza macho, akamgeukia askari.

"Samahani, mwanangu. Hapo mmebakisha nini?"

"Pita mbele, mama."

Akapita. Aliyemfuata, mzee wa kiume mwenye fimbo, naye akainama, akanyoosha kidole palepale. "Na hapo chini kuna nini?"

"Mzee, pita mbele."

Alipita. Sikudhani akahesabu. Watu tisa walimtangulia, na wote tisa waliuliza. Zamu yake ilipofika, askari alikuwa hatazami foleni tena. Alikuwa ameinamia kioo, uso karibu kabisa, akitazama kile kipande cha jiwe.